Watu Wasiojulikana Wanakuja Siku ya Soko

Mama Schékinah alikuwa ametandika plastiki juu ya kibodi kwa sababu ya watu kama Aruna. Chumba chake cha kompyuta, ambacho watu wa Rumonge walikiita siber, kilikuwa nyuma ya duka la dawa, kando ya barabara inayoshuka sokoni, na wateja wake wengi walikuwa wakamuaji wa mawese, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na wachungaji wa makanisa madogo. Siku moja ya soko, mwaka wa elfu mbili na tatu, Aruna aliingia na mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Mama Schékinah alimwonyesha beseni na kipande cha sabuni bila kuinua macho.

"Unawe kwanza, Papa Aruna. Hiyo mashine imekula magamba ya ndagala wiki nzima. Sasa unataka kuipa na mawese?"

Aruna alinawa. Alikuwa mtu wa makamo aliyeishia darasa la tatu, na herufi alizijua moja moja, kama mtu anavyowakumbuka majirani wa mtaa aliohama zamani. Alikuwa na kinu cha kukamulia mawese huko Kizuka, cha kuzungusha kwa mikono. Alikuwa pia mgane. Mke wake Mwanvua aliondoka na gari la asubuhi kupeleka sabuni zake Bujumbura, wakati ule barabara ya kando ya ziwa ilipokuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha soko, na gari likasimamishwa mbele kidogo ya Minago. Gari lilirudi. Mwanvua hakurudi. Ofisini walimwambia Aruna kwamba mke wake aliuawa na watu wasiojulikana, mahali pasipojulikana, na kwamba uchunguzi unaendelea. Aliuliza unaendelea wapi. Wakamwambia hilo nalo halijulikani, akae nje, kuna wengine wanangoja.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu. Alitaka kujua Mwanvua amelala wapi ili amtoe, amwoshe, amzike na watu wake kwenye makaburi ya Waislamu. Pole alishapewa nyingi. Pole haimfukui mtu.

Kompyuta ya Mama Schékinah ilivuka ziwa kutoka Uvira ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro, na njiani kitu fulani ndani yake kilikatika. Haikuonyesha majibu. Kioo kilionyesha kasanduku keupe ka kuandikia, basi. Mtu akiandika anachotafuta na kubonyeza, majibu yalikuja yenyewe, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mtumbwi, au na ule msafara wa magari uliosindikizwa na askari kutoka Bujumbura. Yaliyokuwa mbali yalichelewa. Wafu walikuja baada ya sala ya alasiri, jua likianza kupungua ukali. Dakika za mteja zikiisha, kila jibu lilirudi lilikotoka.

Watu walikuwa wamezoea. Mchungaji Josias alipotafuta wafadhili, Wanorwe wawili walikaa kwenye benchi asubuhi nzima na makoti yao ya baridi, wakanywa chai, wakaondoka bila kuacha kitu. Mchungaji alisema huo ndio mwanzo wa mazungumzo.

Aruna aliandika kwa kidole kimoja, na aliandika kama mtu anavyosema na wakubwa, kwa sababu namna nyingine ya kuomba kitu hakuwahi kufundishwa. Aliandika: Amahoro. Mimi ni Aruna wa Abdoulkarim, mkaaji wa Kizuka, mkamuaji, nina heshima ya kuwaomba wakubwa wote wanaohusika munisaidie kumupata bibi yangu, murakoze sana. Halafu akabonyeza, akavua kofia, akaishika magotini.

Wa kwanza kufika walikuwa watu wa Kizuka na majembe yao. Wakafuata wakamuaji wa kando yote ya ziwa, kuanzia Muhuta, wote wana mikono myekundu, na Mama Schékinah akawapanga mstari mbele ya beseni mpaka sabuni ikaisha. Alasiri akaja Abdoulkarim mwenyewe, baba yake Aruna, aliyekufa kabla ya vita. Alikuwa amevaa koti lake la Idi na hakufurahi.

"Umeniitia nini?"

"Sikukuita, baba. Nilikuwa najitambulisha."

"Mutu anajitambulisha kwa mutu. Kwa hiki chombo unajitambulisha ili kikuozeshe binti?"

Wakubwa wanaohusika hakuja hata mmoja. Mama Schékinah alisema hilo ni la kawaida, neno wanaohusika ndilo huwa linawazuia. Na lile neno amahoro, yaani amani, ambalo Aruna alilitanguliza halikuleta kitu chochote. Wateja wengi walilitanguliza, na tangu afungue siber halikuwahi kuleta kitu.

Siku ya soko iliyofuata Aruna alipunguza. Aliandika neno moja tu: Mwanvua.

Kufikia saa sita barabara ilikuwa imejaa. Walikuja akina Mwanvua wa Nyanza-Lac na wa Buyenzi, wa Uvira na wa Kigoma, wanafunzi na wazee, wengine na watoto mgongoni, mmoja ameshika kuku aliyekuwa anaenda kumchinja. Baada ya alasiri wafu nao walifika, wakakaa pembeni kwa adabu, wakawaachia wenye watoto kivuli. Kizee kimoja kutoka Uvira kilisimama mbele ya Aruna na mikono kiunoni.

"Umepoteza mumoja, unatuita wote? Mbuzi yako ikipotea unaita na mbuzi za Tanzania?"

"Nisamehe, mama."

"Huyo wako iko namna gani?"

"Mweusi. Anacheka haraka. Anauza sabuni."

"Hata mimi nauza sabuni," alisema Mwanvua mmoja wa nyuma. Wengine wakasema hata wao.

Aruna alitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine, na kila uso ulisubiri kidogo, kisha ukatikisa kichwa. Hakuwa amefika hata nusu ya foleni dakika zake zilipokwisha, na barabara ikawa tupu. Baadaye Sikuzani, muuza ndagala aliyekaa karibu na maegesho ya magari, alisema kwamba mwisho kabisa wa foleni alimwona mwanamke mweusi, beseni la sabuni kichwani, anangoja zamu yake. Aruna alimuuliza kama alikuwa anacheka. Sikuzani alisema hapana, alikuwa amechoka kusimama.

Aruna alirudi siber, akaketi mbele ya kioo kilichozimika.

"Hujui kutafuta," Mama Schékinah alimwambia. Jina lake la kanisani lilikuwa Chanceline, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuelekeza watu upande wa pili wa mpaka. "Siku ya kwanza ulitia kila kitu. Siku ya pili hukutia kitu. Ngazi, hizo chikichi zako, unazikamua na miiba na majani?"

"Tunapukuchua kwanza."

"Basi. Pukuchua."

Akamfundisha. Maneno yanayokwenda pamoja ayafunge kwa vialama viwili huku na huku, yaje yameshikana mikono. Asichokitaka akiwekee kamstari mbele, kitabaki nyumbani. Kama hakuna jibu, asirudie swali lile lile kwa nguvu zaidi kama mtu anayegonga mlango wa ofisi, abadilishe maneno. Na asimwamini wa kwanza kufika, kwa sababu wanaofika kwanza ni wenye magari, hata kwa jambo wasilolijua.

"Na kubwa kuliko yote, Papa, usiandike kile wewe unataka. Andika kile kitu chenyewe kingesema."

Aruna alijizoeza na mambo madogo. Aliandika pampu ya baiskeli, zikaletwa pampu za tarafa nzima. Akaandika pampu ya baiskeli yenye kamba ya buluu, akaja shemeji yake Kassimu na pampu ya Aruna mkononi.

"Nilikuwa njiani kukurudishia," Kassimu alisema.

"Tangu mwaka jana?"

"Njia iko mbaya, shemeji. Vita."

Alitafuta dawa ya kuku, akaandika kwanza kuku mgonjwa, wakaja kuku wagonjwa. Akaandika kuku aliyepona, akaja mama mmoja wa Minago na kuku wake mzima chini ya kwapa, akamweleza dawa. Hapo Aruna alielewa lile la kitu chenyewe kusema. Alianza kwenda kinuni akiwa anasokota maneno kichwani, anayapukuchua, anatupa miiba. Wakamuaji wenzake walisema amekuwa mtu wa maneno machache. Alisema machache ndiyo yanaleta.

Siku ya soko alipojiona yuko tayari, alinawa bila kuambiwa na kukaa mbele ya kibodi kwa muda. Mwanvua alikuwa na neno lake. Kila jioni Aruna aliporudi kutoka kinuni na mikono ile, kabla hajamaliza kumwamkia, alimwambia neno hilo hilo bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. Hakuna mkubwa aliyelijua. Aruna aliliandika, akalifunga kwa vialama: "Unawe kwanza, halafu useme."

Baada ya alasiri Mwanvua aliingia, akatua beseni lake la sabuni karibu na mlango. Kitenge chake kilikuwa na udongo mwekundu, na kwenye nywele zake kulikuwa na nyuzi za mizizi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Alimtazama mumewe mikono.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Na kucha?"

Aruna akaenda kunawa kucha. Aliporudi, Mama Schékinah alikuwa amempa Mwanvua kiti na chai, na Mwanvua alikuwa anaipuliza ingawa haikuwa na moto.

"Uko wapi?" Aruna aliuliza.

"Kwenye shamba la ngazi la komanda wa barabarani. Chini kabisa, mustari wa mwisho kabla ya maji. Tuko wengi pale. Ile miti inazaa vizuri."

Aruna aliujua mstari ule. Ngazi zake zilikuwa zikija kwenye kinu chake kwa lori tangu mwaka uliofuata kifo cha Mwanvua, na wanunuzi walizisifu kwa rangi. Alitazama mikono yake iliyokuwa safi.

"Unakamua kile wanakuletea," Mwanvua alisema. "Mimi sikukuambia kwa sababu hukuuliza vizuri."

"Ni nani walifanya?"

"Hawakunipa majina. Walikuwa wanajuana wenyewe. Mumoja alichukua sabuni zangu, akashukuru, akaniambia murakoze, na baadaye ndiyo akafanya." Alikunywa chai. "Uliza hiyo mashine. Lakini usiandike maneno yako. Andika yao."

Dakika zikaisha. Beseni la sabuni liliondoka naye.

Maneno yao Aruna aliyajua. Nani hakuyajua? Yalisomwa redioni kila wiki, kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kila mahali palipochomwa nyumba au palipopotea gari, na msomaji aliyasoma kwa sauti ile ile ya kutangazia bei ya kahawa. Siku ya soko iliyofuata Aruna aliyaandika, akayafunga kwa vialama ili yasitawanyike: "watu wasiojulikana".

Wenye magari walifika kwanza. Modeste, shefu wa ofisi ile iliyompa Aruna majibu, aliingia na kitambaa cha mezani shingoni na mchuzi kidevuni. Baada yake akaja komanda wa pozisio ya askari pale barabarani, kiatu kimoja kimefungwa kamba na kingine bado. Akaja mfanyabiashara aliyekuwa mbia wa komanda katika lile shamba. Kutoka milimani alishuka mkuu wa waasi wa upande ule, ana buti za plastiki na redio ndogo, akamwamkia komanda kwa jina la utoto, na wale waliokuwa kwenye benchi wakasogea kumpa nafasi. Msafara wa saa nane ulimleta bwana mmoja wa suti kutoka Bujumbura ambaye hakusema anafanya kazi wapi. Hakuna aliyemuuliza. Wa mwisho alikuwa msomaji wa redio, na huyo alibaki amesimama mlangoni kwa sababu yeye alikuwa ameyasema tu.

Watu wa soko walikuja kuchungulia dirishani. Sikuzani alikuwa na sahani yake ya ndagala kiunoni. Aliwatazama waliokaa kwenye benchi, mmoja mmoja.

"Nilifikiri watakuwa wengi zaidi," alisema, akarudi kuuza.

Shefu Modeste alijifuta kidevu.

"Kuna kosa la mashine. Sisi tunajulikana."

"Ndiyo, shefu," alisema Mama Schékinah. "Wote tunawajua."

Aruna alikuwa amefundishwa kutoliamini jibu moja. Akafuta, akaandika kwa maneno mengine, akayafunga: "uchunguzi unaendelea". Akabonyeza. Hakuna aliyeinuka na hakuna aliyeingia. Majibu yalikuwa tayari yamekaa.

Akafuta tena, akaandika: "mahali pasipojulikana". Baada ya muda mti mmoja wa ngazi ulikuja ukipanda taratibu kutoka upande wa ziwa, ukasimama nje ya duka la dawa na udongo mwekundu kwenye mizizi, ukawapa kivuli waliokuwa wanachungulia. Komanda aliinua shingo dirishani.

"Huo mti ni wangu," alisema, maana alikuwa mtu anayechunga mali yake.

Mfanyabiashara alimtazama komanda, halafu akatazama sakafu.

Aruna alisimama. Hakuvua kofia safari hii.

"Bibi yangu iko chini ya mustari ule. Nataka kuchimba, nimutoe, nimuzike."

Komanda alisema pale ni eneo la usalama, mtu hachimbi. Shefu Modeste alisema Aruna aandike ombi, ombi litasomwa, na lisipopotea litajibiwa. Bwana wa suti alisema kwa sauti nzuri kwamba amani inakuja, na amani ikija kutakuwa na komisio ya uchunguzi, na mambo kama hayo ndiyo kazi ya komisio, asiyaharakishe. Mkuu wa waasi alisema yeye hana la kuongeza. Kwa hiyo kuhusu Mwanvua pande zote mbili zilikubaliana, na lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu vita vianze.

"Na weye Aruna," komanda aliongeza, akifunga kiatu chake cha pili, "una kinu, una nyumba. Unatafuta kuvipoteza?"

"Nilishamaliza kupoteza, komanda. Sasa niko natafuta."

Dakika zilipokwisha waliondoka. Mti ulitangulia, kwa sababu ulikuwa na safari ndefu.

Tangu wiki hiyo Aruna alikataa ngazi za mstari wa mwisho. Lori lilipofika alisimama mbele ya kinu, akamwambia dereva azirudishe. Dereva alisema mzigo ni mzigo, Aruna akasema huu anaujua. Zilipelekwa kwa mkamuaji mwingine, na mawese yake yakasifiwa kwa rangi. Wanunuzi wa Aruna walipungua. Alikula mihogo, akaenda siber.

Kila siku ya soko aliandika yale maneno, na kila siku ya soko walikuja. Shefu Modeste alikuja na mafaili yake chini ya kwapa, katikati ya mkutano. Komanda alikuja amepakwa sabuni ya kunyolea shavu moja. Mfanyabiashara alikuwa Kigoma siku moja, akafika na boti, ana kichefuchefu. Watu walianza kupanga shughuli zao kwa hesabu hiyo. Mama wa Muhuta aliyekuwa anamtafuta shefu ofisini miezi mingi alikuja kumngoja siber, akampata, akaambiwa arudi ofisini.

Kisha laini ya simu ikakatwa. Redio ilitangaza kwamba nyaya za Rumonge zimekatwa na watu wasiojulikana. Mama Schékinah alimwonyesha Aruna waya uliokuwa umelala kwenye majani nyuma ya duka la dawa, mkato wake bado unang'aa.

"Papa, leo hakuna kitu. Imekufa."

"Nipe tu nikae."

Aliketi mbele ya kioo cheusi. Aliandika maneno yake kwenye kibodi iliyokufa, akayafunga kwa vialama, akabonyeza. Walikuja. Laini haikuwepo, lakini wao walikuwa wameshazoea njia. Komanda alikuwa na koleo la kukatia nyaya mfukoni, na alipoketi lilimchoma, akalitoa na kuliweka mezani. Mama Schékinah aliomba kulikopa akarekebishe laini yake. Komanda alisema ni mali ya serikali.

Na kwa kuwa sasa hapakuwa na laini, hapakuwa na dakika za kuisha. Walikaa mpaka Aruna alipochoka mwenyewe na kuinuka.

Mwisho wa mwaka ule mkataba ulitiwa saini mahali pa mbali penye maji ya chupa mezani. Msafara wa askari ukaondolewa barabarani, magari yakapita mbele ya Minago bila kusimamishwa, na watu wakasema amahoro wakimaanisha kidogo. Mkuu wa waasi alipewa cheo na gari, na tangu hapo alikuwa anafika miongoni mwa wa kwanza. Komisio ilitajwa redioni. Benchi la siber lilivunjika kwa uzito, na shefu Modeste, ambaye hakupenda kusimama, aliamuru viti viletwe kutoka ofisini, vyenye mito, vikabaki pale. Wauza ndagala waliwauzia wakiwa wamekaa. Baadhi ya waliokaa waliomba wapunguziwe bei.

Shamba lilibaki la komanda. Mstari wa mwisho ulizaa vizuri.

Siku moja ya soko, mvua ilipokuwa imeshaanza kulainisha udongo, Aruna alitoka kinuni moja kwa moja. Aliingia siber na mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, akapita beseni, akaketi. Mama Schékinah alitazama ile mikono, halafu akamwangalia usoni, akaondoa plastiki juu ya kibodi na kuikunja. Aruna aliandika maneno ya Mwanvua kwanza, halafu akaandika ya wale wengine. Kila kitufe alichokigusa kilibaki na doa.

Walipokuwa wamefika wote na kukaa kwenye viti vyao, Mwanvua aliingia. Aliwapita bila kuwaamkia. Shefu Modeste alimwambia amahoro, na neno likaanguka pale pale miguuni pake. Mwanvua alitua beseni lake la sabuni, akamtazama mumewe mikono.

"Unawe kwanza, halafu useme."

"Sinawi," Aruna alisema. "Wanawe wao kwanza."

Mwanvua alifikiri kidogo. Kisha akainama, akachagua kipande cha sabuni kwenye beseni lake, kile kikubwa, akampa Mama Schékinah. Mama Schékinah alijaza maji kwenye beseni la siber, akaliweka katikati ya sakafu mbele ya vile viti, na kando yake akaweka sabuni na taulo. Bwana wa suti alitazama saa yake. Komanda alikunja mikono. Mfanyabiashara alisogeza kiti nyuma ili asilowe viatu. Nje, Sikuzani aliacha kuita wanunuzi, akaja kusimama dirishani na wenzake.

Aruna hakuondoka, kwa hiyo nao hawakuondoka. Walikaa mpaka watu wa soko wakafunga mizigo yao. Maji yalikuwa bado safi, mtu angeweza kuyanywa.

Siku ya soko iliyofuata Mama Schékinah alimwaga yale maji kwenye mchicha wake, akaweka mengine.